Utepe Mwekundu Chini ya Dashibodi

Bakili Mchopa hakuwa fundi wa maneno. Gerezani, mtaa wa magereji jijini Dar es Salaam, mafundi wengi huanza kazi kwa mdomo kabla ya mkono, lakini yeye alikuwa mtu wa kuchuchumaa kando ya gari na kukaa kimya, mpaka wateja wengine wakadhani amesinzia. Alitoka Newala akiwa na miaka kumi na tisa, akajifunza umeme wa magari kwa mjomba wake, na sasa alikuwa na miaka hamsini na mitatu. Kazi yake aliifanyia kwenye kibaraza cha duka la vipuri la Severine, Mchaga wa Rombo. Severine hakumdai kodi, kwa kuwa wateja wa Bakili walinunua fyuzi na taa humo humo dukani. Walikuwa wamekaa pamoja miaka kumi na minne na kugombana mara moja tu, kuhusu feni.

Jumanne moja ya mwezi wa tatu, mvua ilipokatika asubuhi, mwanamke mmoja alisimama mbele ya kibaraza hicho. Alikuwa amefunga kanga kiunoni juu ya gauni na miguu yake ilikuwa na tope hadi kwenye vifundo.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Karibu."

"Severine ameniambia wewe hubahatishi."

Bakili akageuka kumtazama Severine. Severine akainama kupanga plagi kwenye kabati la kioo kama mtu ambaye hakusikia.

Mwanamke huyo aliitwa Winifrida. Kwao ni Kibosho, lakini alikuwa anaishi Magomeni, na kila siku alipika chakula cha mchana nyumbani kwake, akakipakia kwenye mahotipoti na kukipeleka kwa wafanyakazi wa maduka ya Mchafukoge na Kariakoo. Gari alilokuwa akitumia ni Probox, alilonunua mwaka mmoja na nusu uliopita kwa bwana mmoja wa Tabata. Ijumaa, akiwa Mchafukoge na mahotipoti yamebaki matupu, gari lilizima na halikuwaka tena. Lilikuwa limesimama pale pale hadi siku hiyo.

"Stata inazunguka?" Bakili aliuliza.

"Inazunguka vizuri tu. Inazunguka, inazunguka, haishiki. Fundi wa kwanza akasema betri. Nikanunua betri. Ikawa ile ile. Wa pili akasema pampu ya mafuta. Nikanunua pampu, ya mtumba lakini nzima, maana aliiunga kwenye betri nikaisikia inanguruma. Akaifunga ndani ya tangi, ikawa kimya. Jana ndiyo akasema basi, hii itakuwa kontroli boksi, ile kompyuta ya gari." Akafuta tope mguuni. "Bei yake akinitajia nilikaa chini. Fundi, nisikufiche. Nimebakiwa na elfu arobaini, na hiyo ni ya mchele."

Bakili aliweka testa, bisibisi, plaizi, utepe na chuma cha kuchomelea nyaya kwenye mfuko wa turubai. "Kununua tena acha," alisema. "Usinunue kitu mpaka mtu akuonyeshe kilichokufa, ukione kwa macho yako. Twende."

Walikwenda kwa miguu. Njiani Winifrida alimweleza jinsi siku zile nne zilivyokwenda. Alikodi bajaji, lakini bajaji haibebi mahotipoti yote kwa safari moja, kwa hiyo nusu ya wateja walikuwa wanakula saa tisa. Mtu aliyefungua duka tangu saa moja hawezi kungoja hadi saa tisa. Wengine walianza kununua chipsi mtaani, na alijua kwamba mteja akishazoea kwingine si rahisi kumrudisha. Aliyasema haya bila kulalamika. Bakili alisikiliza huku akiruka madimbwi.

Probox ilikuwa imeegeshwa kando ya duka la mapazia, rangi yake ya kijivu kama mamia ya nyingine zilizopita mikononi mwa Bakili. Hakuikumbuka. Kabla ya kufungua boneti alimuuliza Winifrida swali moja.

"Ilianza Ijumaa hiyo hiyo, au ilikuwa na dalili?"

"Dalili ilikuwepo toka mwaka jana. Nikipita kwenye shimo inazima, kama mtu aliyekatwa pumzi. Nikisubiri kidogo, inawaka. Mwezi huu ndiyo ikawa karibu kila siku."

"Hao mafundi wengine uliwaambia hivyo?"

"Hawakuuliza."

Bakili aliitikia kwa kichwa. Betri haifi kwenye shimo na kufufuka baada ya dakika tano. Kitu kinachokufa kwa mtikisiko na kurudi aghalabu ni waya. Lakini hakusema, kwa sababu kusema kabla ya kupima ndiko kulikokwisha kumtia mama huyu hasara mara mbili.

Alimwambia aingie ndani, yeye akaegemeza sikio kwenye kiti cha nyuma, mahali ambapo pampu hukaa chini yake. "Washa." Stata ikazunguka kwa nguvu. Kutoka kwenye tangi hakukuwa na sauti yoyote. Alifungua boksi la fyuzi, akaitoa ya pampu na kuiangalia kwenye mwanga. Nzima. Halafu akachomoa rilei ya pampu, swichi ndogo inayoipelekea umeme, na badala yake akaweka ya honi, ambayo ni ya aina moja.

"Hiyo si umeitoa kwingine?" Winifrida aliuliza dirishani.

"Nimeiazima kwa honi. Kama rilei ya pampu ndiyo imekufa, hii itafanya kazi yake, na sisi tutakuwa tumejua bila kwenda dukani."

Haikuwaka. Akarudisha kila kitu mahali pake. Sasa alichukua testa, bisibisi ile yenye taa ndogo kwenye mpini, akaigusisha mahali umeme unapotokea kwenye rilei. "Washa." Taa ikawaka. Akaenda nyuma, akainua kiti, akagusisha testa kwenye waya unaoingia kwenye pampu. "Washa tena." Taa haikuwaka. Akarudia mara ya tatu, Winifrida akizungusha ufunguo huku amegeuka nyuma ili naye aone.

"Kule mbele umeme unatoka," alimwambia. "Hapa haufiki. Unapotelea njiani."

"Kwa hiyo pampu niliyonunua ni nzima."

"Ni nzima."

"Na ile ya kwanza?"

"Sijaiona. Lakini nadhani nayo ilikuwa nzima."

Winifrida alitazama pembeni. Kontroli boksi hakuiuliza tena.

Kwenye dashibodi kulikuwa na kitaa kidogo chekundu cha alamu, ile ya kufungwa na mafundi wa mtaani. Mtu anayefunga alamu ya namna hiyo hukata waya wa pampu na kuupitisha kwanza kwenye alamu, ili mwizi akivunja mlango gari lisiende popote. Bakili alifungua skrubu nne za kava lililo chini ya usukani, akalala chali sakafuni mwa gari, miguu nje mlangoni, akamulika kwa simu.

Katikati ya nyaya nyeusi kulikuwa na kiungo kimoja kilichofungwa utepe mwekundu.

Alikitazama muda mrefu.

Bakili alikuwa na mtindo wake, alioubuni mwenyewe na ambao hakuwahi kumfundisha mtu. Akiunganisha nyaya nyingi kwa wakati mmoja, kwanza alizisokota zote kwa mkono na kuzifunga kipande kifupi cha utepe mwekundu. Mwekundu maana yake bado. Baadaye alirudi kwenye kimoja kimoja na chuma cha moto, akatoa mwekundu, akayeyushia risasi ya kulehemu juu ya kiungo, akafunga mweusi. Gari halikutoka kwake likiwa na mwekundu ndani. Gerezani nzima walimjua kwa hilo, na wengine walimcheka kwamba anapoteza utepe.

Hapo ndipo alipoijua ile Probox, na siku yenyewe.

Ilikuwa Alhamisi, miaka mitatu iliyopita. Alikuwa amelala hivi hivi, chali. Viungo vitano alikuwa ameshavimaliza na kimoja kilikuwa kimebaki, na chuma kilikuwa kinapata moto kwenye kibaraza. Simu iliita. Alikuwa jirani yao wa Magomeni, na hakusalimia. Alisema, "Njoo, Somoe ameanguka bombani." Bakili alitoka chini ya usukani, akapanda bodaboda bila hata kunawa mikono. Alipofika alikuta wanawake wamekaa mlangoni na hakuna aliyeinuka kumpokea, naye akaelewa kabla ya kuingia. Somoe alikuwa ameshafunikwa. Walikuwa wameoana miaka ishirini na sita. Walimzika kesho yake baada ya sala ya Ijumaa.

Alirudi Gerezani siku ya nane. Haruna, fundi mwenzake aliyekuwa akifanya kazi kwenye kibaraza hicho hicho, alimpa mkono na kumwambia, "Ile Probox ya alamu mwenyewe aliijia. Nilikufungia kava bila hata kuchungulia ndani, nikajaribu, kila kitu kikawaka, nikampa. Usiwe na wasiwasi nayo." Bakili akamshukuru. Hakuuliza kitu. Kile kiungo cha mwisho kilikuwa kimemtoka kichwani kabisa, kama mambo mengi ya wiki ile.

"Fundi," Winifrida aliita kutoka nje. Alikuwa anaona miguu yake tu. "Vipi huko?"

"Nipe dakika moja."

Alifungua utepe polepole. Ndani yake shaba ilikuwa imeota kutu ya kijani, na nyuzi zote zilikuwa zimekatika isipokuwa mbili, zilizokuwa zikigusana na kuachana kwa kadiri gari lilivyotikiswa. Aliivuta kidogo, zikakatika nazo. Angeweza kutoka pale na kusema, "Waya ulikuwa umekatika." Usingekuwa hata uongo. Angechukua elfu kumi yake, mama angefurahi, na hakuna mtu Dar nzima ambaye angejua. Jambo hilo alilifikiria. Baadaye alikiri mwenyewe kwamba alilifikiria vizuri, si kwa kupita tu.

Alitoka, akaomba umeme kwenye duka la mapazia, akavuta waya wa kuunganishia hadi mlangoni mwa gari. Chuma kilipopata moto alirudi chini, akakata sehemu zilizooza, akaongeza kipande kipya, akachomea risasi, akafunga utepe mweusi. Ilichukua robo saa.

"Washa."

Injini ikashika mara moja. Winifrida aliweka mikono miwili juu ya usukani, akalaza paji la uso juu yake, akakaa hivyo kidogo. Alipoinua kichwa macho yalikuwa makavu.

"Shilingi ngapi, fundi?"

"Hakuna."

"Mimi sikuja kuomba msaada."

"Najua. Shuka kidogo nikueleze."

Alishuka na kuliacha gari likinguruma, kama mtu anayeogopa kulizima. Bakili alimwonyesha ule waya mbovu kwenye kiganja chake, na kando yake kile kipande cha utepe mwekundu.

"Hii kazi niliifanya mimi," alisema. "Alamu hii niliifunga mimi, kwa mwenye gari wa zamani. Hiki kiungo sikukimaliza. Utepe huu ni alama yangu kwamba bado."

Winifrida aliutazama utepe, kisha yeye, kisha utepe tena.

"Hii si ya Ijumaa, basi."

"Hapana. Ni ya miaka mitatu."

"Kuna siku ilinizimikia Jangwani," alisema taratibu. "Katikati ya barabara. Nyuma yangu lori. Nilikuwa na mwanangu kiti cha mbele."

"Samahani. Najua ni..."

"Hujui."

Bakili akainamisha kichwa. "Kweli. Sijui."

Mlinzi wa duka la mapazia, aliyekuwa amewasogelea, akajiondoa.

"Kwa nini hukumaliza?" Winifrida aliuliza. "Nimekuona leo unavyofanya. Si mtu wa kuacha kitu nusu. Kwa nini?"

Miaka mitatu hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza Bakili swali lolote kuhusu siku ile. Watu walimpa pole, wakamwombea, wakachanga, wakaondoka. Watoto wake walilia naye, lakini hawakumuuliza alikuwa anafanya nini wakati simu ilipoita. Sasa alikunja ule utepe mwekundu kidoleni, akajibu.

"Nilipigiwa simu kwamba mke wangu ameanguka. Nikaweka vitu chini nikaondoka. Kwenye gari hili sikurudi tena."

"Alipona?"

"Hapana."

Winifrida alivuta kanga yake, akaifunga upya kiunoni ingawa haikuwa imelegea.

"Pole," alisema mwishowe. "Pole sana, baba. Lakini hasira yangu bado ipo. Nakwambia ili usidhani imeisha."

"Ni haki yako."

"Hasara ya betri nitaibeba mwenyewe. Ile ya zamani ilikuwa imechoka kweli. Pampu utanilipa."

"Nitakulipa."

"Si lazima leo."

Akapanda gari, akaenda kununua mchele. Bakili alikunja waya wa duka la mapazia, akashukuru, akarudi Gerezani kwa miguu. Severine alimuuliza kama gari limewaka. Akasema limewaka. Severine akauliza ilikuwa nini. "Kiungo," akajibu, na Severine, aliyemzoea, hakuendelea.

Pampu aliilipa kwa mikupuo mitatu, kila Jumamosi, akimkuta Winifrida anapogawa chakula nyuma ya maduka ya vitambaa. Mara mbili za kwanza walisalimiana tu. Mara ya tatu aliipokea hela, akaitia kwenye kipochi bila kuitazama, akasema, "Tumemalizana." Kisha, Bakili alipokuwa anageuka kuondoka, akamuuliza, "Mkeo aliitwa nani?"

"Somoe."

"Somoe," alirudia. "Mimi dini yangu nyingine. Lakini Jumapili nitamwekea nia kwenye misa, aombewe. Kama hutajali."

Bakili alisema hatajali. Akaweka mkono kifuani na kuondoka.

Lakini jambo lenyewe halikuishia kwenye pampu. Alikuwa amerudi kazini siku ya nane baada ya msiba, na wiki zilizofuata alifanya kazi kama mtu aliye majini, anasikia watu wakizungumza kutoka mbali. Sasa alijiuliza ni nini kingine alichokiacha siku zile. Ni magari gani yanayotembea Morogoro na Tanga yakiwa na nyuzi mbili zinazogusana? Kulala kukawa kugumu. Alikuwa na daftari la namba za wateja, chafu kwa grisi, na mwezi ule wa msiba ulikuwa na namba kumi na saba. Alianza kuwapigia mmoja mmoja.

"Mimi fundi Bakili wa Gerezani. Gari yako nilikutengenezea miaka mitatu iliyopita. Naomba uilete niikague. Bure."

Wengine walidhani ni tapeli. Wawili walikuwa wameshauza, mmoja alikuwa amefariki na mwanawe ndiye aliyepokea simu. Haruna alishangaa, akamuuliza kulikoni kuita wateja wa kale bila malipo. Bakili alimtazama. Haruna ndiye aliyelifunga lile kava, kwa wema, ili mwenzake aliyefiwa asisumbuliwe na mteja. Angemwambia, Haruna angelibeba jambo hilo maisha yake yote, kwa kuwa ndivyo alivyo.

"Nakagua tu," akamjibu. "Uzee unaingia."

Walikuja tisa kwa muda wa wiki tano. Kwa kila gari Bakili alifungua kava, akalala chali, akamulika kwa simu. Katika Noah ya mwalimu mmoja alikuta waya uliochubuka, lakini panya ndiye aliyeuchubua. Kwingine kote hakukuta kitu.

La mwisho lilikuwa teksi ya mzee mmoja wa Ilala, aliyotengenezewa siku ya kumi na moja baada ya mazishi, kwa mujibu wa daftari. Ilikuwa kazi kubwa: wayaringi nzima ya mbele iliyoungua na kubadilishwa. Bakili hakukumbuka kuifanya. Hakukumbuka hata sura ya gari. Alilala chini ya usukani na kumulika, akahesabu viungo kwa kidole. Vilikuwa kumi na vinne. Vyote vilikuwa na utepe mweusi, umefungwa mizunguko mitatu, mwisho wake umebanwa ndani kama anavyofanya yeye. Alifungua kimoja ili ahakikishe. Risasi ilikuwa imeingia vizuri hadi katikati, inang'aa.

Alikaa pale chini akiishikilia simu. Siku ile alikuwa hata hajui anakula nini. Na mikono hii ilikuwa imekaa hapa, imefanya kazi hii, kiungo baada ya kiungo, bila yeye kuwepo.

"Kuna tatizo?" mzee wa teksi aliuliza.

"Hakuna," alisema Bakili. Alikifunga tena kile kiungo, akarudisha kava, akakaza skrubu zote nne, akatoka nje na kujifuta mikono. "Iko sawa, mzee. Unaweza kwenda."